Wacheni Kusema "Tuiache Tu": Nyasi Isiyokatwa Pia Inataka Kazi

Wasee, leo nakuja na mada ambayo najua nusu yenu mtatamani kuiruka: nyasi. Tulieni, si hiyo mnayofikiria. Naongea kuhusu nyasi ya ng'ombe, Boma Rhodes, ile inayokatwa, inaanikwa, inafungwa marobota na kupakiwa kwenye lori hadi lori linayumba barabarani kama limelewa. Na naongea na nyinyi wa mjini makusudi, kwa sababu mashamba mengi ya nyasi kule ushago maamuzi yake hayafanyiki tena ushago. Yanafanyika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, saa nne usiku, na watu ambao mara ya mwisho kukanyaga hilo shamba ilikuwa Krismasi.

Uamuzi ninaousikia sana ni huu: "Msimu huu tusikate. Tuiache tu."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mtu asiseme sikumwambia. Sina shida na kutokata. Kuna misimu ambayo kutokata ndiyo hesabu nzuri kabisa. Shida yangu ni hilo neno la mwisho, "tu". Hilo "tu" linamaanisha hakuna mtu ataenda, hakuna mtu atatuma pesa, hakuna mtu ataongea na jirani, halafu msimu ujao tutarudi tulikute shamba limetungoja vile tulivyoliacha. Shamba halingoji mtu. Ukiliacha bila mpango, kuna ng'ombe wa mtu anakosa chakula, wewe unakosa pesa, na mwaka unaofuata unalipa zaidi ya ile ulidhani umeokoa.

Wacha nianze kwa kuwatetea, kwa sababu si kila anayeacha ni mvivu. Chukua mtu mwenye ekari tano kule Rongai. Rongai ya Nakuru, si hii yetu ya matatu zenye spika kubwa kuliko injini. Mvua ya masika ikiisha, nyasi ya kila mtu inakomaa wakati mmoja. Kila mtu anatafuta trekta. Mwenye mashine ya kufunga marobota ni mmoja na foleni ni ya watu ishirini. Zamu yako ikifika, marobota yamejaa sokoni na bei imelala. Tuseme robota linauzwa shilingi 150. Toa pesa ya kukata, toa ya kugeuza, toa ya kufunga, toa kamba, toa vijana wa kupakia, toa lori, toa ghala kama huna lako. Unaweza kubaki na shilingi ishirini kwa robota, ama usibaki na kitu. Hapo mtu akisema "bora isimame", namwelewa. Na kuna mvua isiyojua kuondoka: nyasi ikikatwa halafu inyeshewe siku tatu ikiwa imelala chini, inaota ukungu. Robota la ukungu si chakula, ni ugonjwa uliofungwa kwa kamba.

Kwa hivyo sawa, usikate. Lakini elewa umechagua nini.

Boma Rhodes si msitu wa Karura. Ni zao, kama mahindi, ila ukilitunza linaendelea kuota miaka kadhaa bila kupandwa upya. Kwa jina la kisayansi ni Chloris gayana, nyasi ya hapa hapa Afrika ambayo, kwa dharau ya historia, inabeba jina la Cecil Rhodes, mkoloni aliyeipanda kwenye shamba lake karibu na Cape Town. Na ubora wake una saa. Inapoanza kutoa maua, majani ni mengi, bua ni laini, protini iko juu. Huo ndio wakati wa kukata. Baada ya hapo, kila wiki inayopita mmea unapeleka nguvu kwa mbegu, bua linakuwa gumu kama fimbo na protini inashuka. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe, vile vinavyomsaidia kumeng'enya nyasi, havipati chakula cha kutosha. Ng'ombe anakula, anajaa tumbo, na bado anakonda. Isome tena hiyo: ng'ombe anaweza kukonda akiwa amesimama katikati ya nyasi inayomfika tumboni.

Sasa nyinyi mnaosema "tukikata msimu ujao itakuwa mara mbili", mnanichekesha. Itakuwa nyingi, ndiyo, lakini nyingi ya mabua ya kijivu. Mvua ikirudi, machipukizi mapya yanatokea chini ya hayo mabua makuukuu, hayapati jua, na mengine yanakufa. Yale yanayofaulu yanaota yakiwa yamechanganyika na takataka ya mwaka jana. Ukikata huo mchanganyiko na kuufunga, mnunuzi mwenye akili anafungua robota moja, ananusa, anaangalia rangi, anarudi kwa pikapu yake. Hata bei hataji.

Na bado sijataja wageni. Kila mkato huwa unafyeka magugu kabla hayajatoa mbegu. Ukiondoa mkato, umeyapa magugu likizo yenye mshahara. Kule Nakuru, Laikipia na Kajiado, leleshwa inaanza kama kamche unakoweza kung'oa kwa mkono mmoja; ukirudi baada ya mwaka inataka shoka na mtu wa kulipwa. Kajiado wanaijua ipomea, ilivyomeza malisho wakiangalia. Halafu kuna gugu karoti, ule mmea mgeni wenye maua madogo meupe. Mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu, unawasha ngozi ya mtu, na ng'ombe akiula unaharibu ladha ya maziwa. Likiingia kwenye shamba la nyasi ya kuuza, kila robota unalouza ni mbegu unazompelekea mteja wako. Na mche wa mgunga ukiachwa ukomae, shina lake linavunja visu vya mashine ya kukata na mwiba wake unatoboa tairi. Nani atalipia hizo? Ni yule yule aliyejipongeza kwamba ameokoa pesa.

Halafu moto. Nyasi ndefu iliyokauka mwezi wa Januari na Februari ni petroli iliyosimama wima. Inatosha mchoma makaa mmoja, mrina asali na moshi wake, ama kipande cha sigara kutoka kwa dirisha la gari. Moto haujui mpaka wa shamba lenu ni wapi. Ukivuka ukala ngano ya jirani, ama nyumba ya nyanya fulani anayeishi peke yake, hakuna mtu kwa ile grupu ataandika "ni mimi nilisema tuiache". Wote watakuwa wamezima data.

Najua mtanijibu vipi. "Lakini hata wazee waliacha nyasi na dunia haikuisha." Ni kweli waliacha. Nendeni muwaulize Wamaasai kuhusu olopololi. Ni malisho ya karibu na boma yanayotengwa makusudi ili nyasi isimame hadi kiangazi, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na wale walio dhaifu. Hiyo ni nyasi isiyokatwa, na mfumo wenyewe ulikuwepo kabla trekta haijafika huku. Lakini angalieni vile umejaa masharti: ni mifugo gani wanaingia, wanaingia lini, nani anaruhusu, na unafanywa nini ukiingiza wako kabla ya wakati. Ni akiba yenye walinzi.

Ama nendeni Chepareria, West Pokot. Kule, kuanzia miaka ya 1980, watu walizungushia ua malisho yaliyokuwa yameisha kabisa, ardhi tupu, wakayapumzisha, na nyasi ikarudi. Na huko pia kuweka ua kulikuwa mwanzo wa kazi, si mwisho. Kuna wakati wa kufunga, kuna wakati wa kufungua, kuna idadi ya mifugo. Wazee walipumzisha ardhi wakiwa wameikodolea macho. Sisi tunataka kupumzisha ardhi tukiwa tumelala. Tusitumie majina yao kufunika uvivu wa wajukuu.

Kuna kikundi kingine, hawa ni wa mjini kabisa, wa "acha asili ifanye kazi yake, ndege watafurahi". Manze, mimi napenda ndege. Kenya tuko na mmoja anaitwa Sharpe's longclaw, tumbo na koo la manjano, anayepatikana kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya na kwingine kokote duniani hayuko. Kinangop ndiyo ngome yake, na yuko hatarini kwa sababu malisho yake yanalimwa na kupandwa miti. Sasa huyo ndege anapenda nyasi fupi, yenye vishungi virefu hapa na pale vya kujificha. Yaani nyasi ambayo mifugo wameila kwa kiasi. Hata yeye hataki shamba liachwe "tu". Ukitaka kutetea asili, karibu, tuko pamoja. Lakini shamba lililolimwa na kupandwa aina moja ya nyasi, ukiligeuzia mgongo, halirudi kuwa Kinangop. Linakuwa kichaka chenye mwiba.

Sasa mada chungu. Mashamba mengi hayaachwi kwa sababu ya bei. Yanaachwa kwa sababu mwenyewe alifariki na watoto wake hawasalimiani. Kila mtu anaogopa kukata, kwa sababu atakayekata ataulizwa pesa ilienda wapi. Kila mtu anaogopa kulipia slasha, kwa sababu atakayelipa ataambiwa anajifanya mwenye shamba. Na ni kweli sheria ya urithi ya Kenya inakataza mtu kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila mamlaka. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kuomba mahakama kibali cha muda, cha kukusanya na kulinda mali isiharibike wakati mambo makubwa bado yanaendelea. Shikeni hilo neno, kulinda. Si kugawana, si kuuza. Ulizeni wakili, ama ulizeni kwenye ofisi ya msajili wa mahakama iliyo karibu. Kesi inaweza kukula miaka mitano. Leleshwa inahitaji mwaka mmoja. Mtagombania ekari hadi mwisho, na atakayeshinda atapewa kichaka.

Sawa, nimepiga kelele ya kutosha. Kama umeamua hukati, hii ndiyo kazi yenyewe, na nyingi haihitaji trekta.

Kwanza, weka tarehe. Amua kabla nyasi haijakomaa, na useme ni ya nini: ya kulishwa ikiwa imesimama, ya kutoa mbegu, ama ya kurudisha nguvu ya udongo. Ukiamua mapema una chaguo. Ukiamua mwezi wa Septemba ikiwa imeshakauka, nyasi imekuamulia.

Pili, kinga ya moto. Kabla kiangazi hakijashika, fyekeni ukanda kuzunguka shamba lote, hasa upande wa barabara na upande wa jirani. Mita 5 hadi 10, na nyasi ikiwa ndefu sana, panueni. Ile mliyofyeka itolewe, isiachwe imelala hapo hapo kama kiberiti. Shamba likiwa kubwa, pitisheni ukanda mwingine katikati, ili moto ukiingia usile yote. Hii ni kazi ya vijana wachache wenye slasha kwa siku chache, na pesa yake mnaweza kuchangishana kwa M-Pesa kabla ya wikendi kuisha. Mnachangia shughuli za watu msiowajua kila mwezi, hii haitawashinda.

Tatu, mtu atembee. Mara moja kwa mwezi, mtu mmoja apite shamba zima na jembe, panga na glavu, ang'oe leleshwa na mgunga vikiwa vidogo, na gugu karoti kabla halijatoa maua. Mvua zikianza, aangalie pia viwavijeshi. Hao wakivamia, wanaweza kumaliza malisho kwa siku chache, na afisa wa kilimo wa kaunti anafaa kujua mapema. Ukiwa Nairobi, huwezi kufanya hii kazi kwa simu. Mlipe mtu wa pale, umlipe kwa wakati, na umwombe picha. Usimtumie binamu yako bure halafu ushangae akikutumia picha za mwaka jana.

Nne, ng'ombe wa jirani. Hapa ndipo pesa imejificha. Ekari moja iliyotunzwa inaweza kutoa zaidi ya marobota 100 kwa mkato. Tuseme 100 kamili, kila moja kilo 15. Ekari tano hizo ni kilo 7,500. Ng'ombe wa kilo 400 anakula karibu kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Piga hesabu: hiyo ni siku 750 za ng'ombe mmoja, ama ng'ombe watano kwa miezi mitano. Ikilishwa imesimama, nyingine itakanyagwa na nyingine itakuwa imepoteza ubora, kwa hivyo punguza hata nusu. Bado una ng'ombe watano kwa miezi miwili na nusu kwenye shamba mlilotaka kuliacha lioze. Na jirani atalipa, kwa sababu hiyo nyasi inajipeleka yenyewe mdomoni. Hakuna trekta, hakuna kamba, hakuna lori.

Lakini fanyeni mapatano, na myaandike hata kama ni kwa karatasi ya daftari. Ng'ombe wangapi, kuanzia lini, wanatoka tarehe ngapi, nani anarekebisha ua, maji yanatoka wapi. Wapigwe dawa ya kupe kabla ya kuingia, kwa sababu kwenye nyasi ndefu kupe hukaa juu ya jani wakingoja mguu upite, na kupe ndio wanaoleta ndigana inayoua ndama. Udongo ukiwa umelowa, ng'ombe wakae nje, la sivyo kwato zitaugandamiza ukauke kama saruji. Walishwe kipande kwa kipande, na nyasi ikifika kama sentimita 10 kutoka chini, wahamishwe. Ikiwa imekomaa sana, mwenye ng'ombe aongezee lusini, kaliandra ama majani ya viazi vitamu, ndio mnyama apate protini. Na wewe mwenye shamba unapata kitu ambacho hukuhesabu. Kila lori la nyasi linaloondoka hubeba nitrojeni na potasiamu za udongo wako likaenda nazo. Ng'ombe akila hapo hapo, sehemu kubwa anairudisha hapo hapo. Msimu mmoja bila mkato unaweza kweli kulisaidia shamba, lakini ni kwa sababu kuna mtu amepanga nani anakula na nani ananya.

Tano, mbegu. Kama shamba lina mapengo, acheni sehemu iliyo safi zaidi itoe mbegu. Vichwa vikigeuka kahawia, zikusanyeni kwa mkono, mzianike kivulini na mzihifadhi pakavu. Msizipande wiki hiyo hiyo, mbegu za Boma Rhodes huhitaji kukaa miezi kadhaa kabla ya kuota vizuri. Ni za kuziba mapengo yenu wenyewe. Kuuza mbegu ni biashara nyingine kabisa inayotaka kuthibitishwa na KEPHIS, kwa hivyo kabla hujaanza kutangaza mbegu kwa TikTok, tafuta hicho kibali.

Sita, safisheni kabla ya mvua. Hii ndiyo watu husahau, na ndiyo inayoamua kama msimu ujao mtauza ama mtatupa. Mabua yaliyobaki yafyekwe na yatolewe, ili jua lifike chini wakati machipukizi yanaamka. Hayatatupwa: ni matandiko ya zizi, ni matandazo ya kufunika udongo kwenye sukuma na ndizi, ni mboji. Na wewe unayesema "si tuchome tu, ni rahisi", rudi juu usome tena ile sehemu ya moto. Baada ya kusafisha, tandazeni samadi. Hapo mvua ikishuka, shamba linaanza ukurasa mpya, na robota la kwanza mtakalofunga litakuwa la kijani.

Pigeni hesabu ya hizo kazi sita. Slasha mara mbili, mtu wa kutembea mara moja kwa mwezi, samadi, na karatasi moja ya mapatano. Weka upande mwingine pesa ya jirani ya malisho. Halafu linganisha na kung'oa kichaka, kulima upya, kununua mbegu na kungoja shamba lishike tena. Hiyo ya pili ndiyo gharama halisi ya neno "tu", na hakuna anayeiandika kwenye grupu.

Lakini kwangu hii si pesa peke yake. Mnakumbuka 2021? Septemba mwaka huo serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mvua zikaendelea kukosekana msimu baada ya msimu, na hadi ukame ule ulipoisha 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekufa nchini. Mnakumbuka ng'ombe waliokuwa wanalishwa kandokando ya barabara za Nairobi, mbavu nje, wakila nyasi ya katikati ya barabara huku matatu zikiwapigia honi? Tuliwapiga picha. Tuliandika vichekesho. Yule mchungaji, kijana wa rika letu, alikuwa ametembea siku nyingi kutoka Kajiado kutafuta nyasi, na alipita kando ya mashamba mangapi yaliyofungwa kwa kufuli, nyasi ikikauka ndani, kwa sababu wenyewe wako mjini na hakuna aliyemwachia mtu yeyote ruhusa ya kufungua?

Sisemi ekari tano za familia yako zingezuia ukame. Sisemi pia ufungulie kila mtu geti bure, shamba ni mali na mali ina mwenyewe. Nasema nchi ambayo ng'ombe wanakufa njaa haina nafasi ya nyasi inayosimama hadi inaoza kwa sababu watu watano wameshindwa kuelewana nani atume elfu mbili. Chakula kilicho shambani kikiharibika bila sababu, huyo ni ng'ombe wa mtu, ni karo ya mtu, ni maziwa ya mtoto fulani. Hata kama hujawahi kumwona.

Kwa hivyo mtu akiandika tena "msimu huu tuiache tu", msibishane naye kuhusu bei. Muulizeni maswali manne. Nani anafyeka kinga ya moto, na lini? Nani anapita shambani kila mwezi? Ng'ombe wa nani wanaingia, wangapi, na wanatoka tarehe ngapi? Nani anasafisha kabla ya mvua? Kila swali lipate jina la mtu na tarehe, hapo hapo kwenye grupu, kila mtu akiona.

Majina yakikosekana, basi kodisheni shamba msimu huo mmoja kwa mtu aliye na mifugo, kwa mkataba, yeye afanye hizo kazi. Na kama hata hilo hamtaki, kuweni wakweli. Andikeni: "Msimu huu tumeamua kulitupa shamba." Watu wa ushago wataelewa mara moja, na yule jirani mwenye ng'ombe ataacha kuwangoja, akatafute nyasi kwingine mapema.